Madoa ya zambarau miguuni baada ya dawa za jino, nani ameyaona?

KinyoziKayole: Habari wadau. Mimi ni kinyozi, nasimama kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Majuzi jino lilininyima usingizi, nikanunua amoksisilini na ibuprofeni mtaani. Amoksisilini nilimaliza, ibuprofeni bado nameza jino likinikumbuka. Jana, siku ya kumi tangu nianze, navua soksi nakuta madoa ya zambarau iliyokoza, madogo kama punje za wimbi, kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Ukipapasa, yameinuka. Hayawashi sana, yanachoma. Bibi anasema ni kunguni. Kunguni gani anakula miguu yangu peke yangu na tunalala kitanda kimoja?

MamaPacha_Umoja: Pole. Paka mafuta ya mwarobaini.

NesiWaZamu: Mama Pacha, ngoja kidogo. Kaka, chukua glasi ya kioo, ikandamize juu ya doa, utazame. Wekundu wa kawaida hufifia. Lisipofifia, damu imeshavuja nje ya mishipa. Dawa huweza kuchokoza kinga ya mwili mpaka vimishipa vya ngozi vivimbe, na mara nyingi hujitokeza kati ya siku 7 na 21 tangu uanze dawa, kwa hivyo amoksisilini haiepuki lawama eti kwa sababu uliimaliza. Ibuprofeni nayo ni mshukiwa, iache. Hata maambukizi ya jino lenyewe yanaweza kuleta hayo. Yako miguuni kwa vile unasimama kutwa, damu inalemea huko. Nenda leo upimwe mkojo, maana figo ikiguswa haikuambii kwa maumivu. Ukikojoa rangi ya strungi, tumbo likikukata au choo kikiwa na damu, usingoje kukuche. Beba paketi zote.

Jirani_Donholm: Mimi yalinipata na Septrin. Yalichukua wiki tatu kuisha, yakaacha alama nyeusi. Jina la dawa hiyo nimelibandika nyuma ya kitambulisho, kila daktari namwonyesha.

KinyoziKayole: Nimerudi. Glasi: hayakufifia hata moja. Nilifunga duka saa nane, mteja mmoja nimemwacha na nusu ya panki. Mkojo hauna damu wala protini, ila nirudi wiki ijayo upimwe tena. Daktari alikata kangozi kadogo ka kupeleka maabara, akachagua doa lililotoka leo, akisema la zamani halionyeshi mengi. Sasa nimelala, miguu juu ya mito miwili. Bibi bado anakagua godoro kwa tochi ya simu.