Wikendi ya MotoGP kwa saa zetu: tuangalie vikao gani, na hii adhabu ya presha inahesabiwaje?

Spana_Kondele, Kisumu

Wadau hamjambo. Hapa Kondele kuna kikundi cha mafundi na wenye boda wanaotaka kufuata MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, msimu mzima, ila hakuna anayeweza kukaa mbele ya runinga siku tatu mfululizo. Wengi wamezoea Safari Rally ya Naivasha, ambapo kila gari linashindana na saa likiwa peke yake. Hii ya madaraja matatu, Moto3, Moto2 na MotoGP, kupokezana barabara moja inawachanganya.

Maswali mawili. Vikao gani ni vya lazima, na vinaanza saa ngapi huku kwetu? La pili: Qatar 2025 mwendeshaji Maverick Viñales alimaliza wa pili, kisha akaandikwa wa 14 kwa sababu ya presha ya tairi. Hiyo adhabu inahesabiwaje, na timu yenye kompyuta zote zile inakosaje kitu ambacho kijana wa pancha anakipima kwa geji ya mkononi?

KonaYaMenengai, Nakuru

Kama muda ni mchache, msianze na Jumapili. Anzeni na Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa zetu kwa mbio nyingi za Ulaya bara, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba.

Kikao hicho ni mazoezi ya MotoGP ya dakika 60, na jina "mazoezi" linadanganya watu. Kumi wenye muda bora wanaingia moja kwa moja Q2, yaani kikao cha pili cha kufuzu. Waliobaki wanasubiri Jumamosi wagombanie nafasi mbili tu katika Q1 ya dakika 15. Q2 yenyewe, watu 12, inaanza saa sita na robo mchana na kufungwa saa sita na nusu. Matokeo yake ndiyo yanapanga safu za kuanzia, watatu kila safu.

Dakika 15 za mwisho za Ijumaa ndizo zenye moto. Kila mtu anavaa tairi mpya ya nyuma yenye raba laini, na raba hiyo inatoa uwezo wake wote kwa raundi moja au mbili tu. Sasa mmoja akianguka, bendera ya manjano inapepea, na muda wa kila aliyepita kipande hicho cha barabara unafutwa. Bingwa anaweza kuangukia Q1 bila kuwa mzito hata kidogo, kwa kuwa tu wa mbele yake aliteleza wakati mbaya. Kwa hiyo mkiona jina kubwa limeanza safu ya tano Jumapili, tafuteni sababu Ijumaa jioni.

Zilizobaki: mbio fupi za Jumamosi, zile wanaziita Sprint, ni saa kumi jioni na ni nusu ya umbali. Jumapili Moto3 saa sita kamili, Moto2 saa saba na robo, MotoGP saa tisa alasiri.

FundiBahati, Nakuru

Nijibu la presha.

Kiwango cha chini cha tairi ya mbele ni bar 1.80 tangu 2024 (mwaka 2023 kilikuwa 1.88). Kwa geji zetu hiyo ni psi 26, si ajabu kwa macho ya mtu wa pancha. Tofauti ni kwamba sisi tunapima tairi ikiwa baridi na pikipiki imesimama. Wao wanapimwa tairi ikiwa moto, pikipiki ikikimbia, kwa kihisi kilicho ndani ya rimu. Jumapili lazima uwe juu ya kiwango kwa asilimia 60 ya raundi, Jumamosi asilimia 30. Mugello, kwa mfano, mbio ndefu ni raundi 23, kwa hiyo unahitaji 14 zilizo safi. Ukipungukiwa, unaongezewa sekunde 16 Jumapili au sekunde 8 Jumamosi. Sekunde 16 kwenye MotoGP zinatosha kumshusha mtu nafasi kumi na zaidi, na ndivyo ilivyomkuta Viñales.

Ugumu uko kwenye joto. Fanyeni hesabu hii: jaza tairi psi 20 hapa Nakuru ikiwa nyuzi 25, kisha ipashe hadi nyuzi 100. Hewa ni ileile, nafasi ni ileile, lakini geji itasoma karibu 28. Joto likishuka hadi nyuzi 80, itasoma chini kidogo ya 26. Nyuzi 20 tu zimekutoa kwenye usalama hadi kwenye adhabu.

Na joto hilo linategemea uko wapi kwenye msururu. Ukimfuata mtu mgongoni, unapigwa na hewa ya moto ya injini yake, upepo baridi haukufikii, halafu unalazimika kushika breki kwa nguvu zaidi kwa kuwa hakuna upepo wa kukusaidia kupunguza mwendo. Presha inapanda. Ukiongoza peke yako, tairi inapoa na presha inashuka.

Basi kwa nini wasijaze zaidi wawe salama? Tairi ya mbele iliyojaa kupita kiasi inavimba, sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo, na unapoingia kona ukiwa bado kwenye breki, gurudumu linafunga na mtu yuko chini. Hivyo fundi mkuu anapaswa kubashiri, kabla taa hazijazimika, mwendeshaji wake atakuwa wa ngapi raundi ya tano. Akimpangia kuwa katikati ya kundi halafu mtu wake akachomoka mbele, presha inakosekana. Thailand 2025 Marc Márquez alikuwa anaongoza, raundi ya 7 akapunguza makusudi, akamwacha mdogo wake Alex apite, akakaa nyuma yake ili tairi ipate joto, akampita tena zikiwa zimebaki raundi tatu na kushinda. Hiyo ni akili ya presha tupu.

Ndiyo maana nakubaliana na KonaYaMenengai kuhusu Ijumaa. Anayeanza safu ya kwanza na anayeanza safu ya tano hawajazi hewa sawa.

Spana_Kondele, Kisumu

Hapo nimeelewa. Mbili za haraka: anayeshinda Jumamosi ndiye anaanza mbele Jumapili? Na kuna kijana hapa ameshasema atashusha Boxer yake hadi psi 20 ishike lami kama wao.

FundiBahati, Nakuru

La. Safu za Q2 zinatumika siku zote mbili. Jumamosi inaleta pointi tu: 12, 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Jumapili mshindi anapata 25, na pointi zinafika hadi wa 15.

Huyo kijana mzuieni leo. Tairi za mbio hazina tyubu na zinapashwa kwa blanketi za umeme kabla ya kutoka. Boxer yenye tyubu ikiwa na psi 20 na abiria wawili, tairi inazunguka kwenye rimu, inavuta tyubu, na valvu inang'oka. Afuate presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, apime asubuhi kabla ya safari ya kwanza.

Gurudumu_Kakamega

Naongeza madaraja, maana hawa wa Moto3 wanadharauliwa bure.

Moto3 ni pistoni moja, cc 250, na pikipiki pamoja na mwendeshaji lazima wafike kilo 152. Nguvu ni ndogo, kwa hiyo anayekatiza upepo mbele hawezi kuwakimbia waliojificha nyuma yake. Kundi zima linafika raundi ya mwisho likiwa limeshikana, na wa kwanza kwenye barabara ndefu mara nyingi si wa kwanza kwenye kona inayofuata. Kama mna nafasi ya mbio moja tu ya kumshawishi mgeni, mwonyesheni hiyo ya saa sita.

Moto2 wote wanatumia injini moja, Triumph ya pistoni tatu, cc 765, iliyofungwa lakiri. Fundi haruhusiwi kuifungua. Tofauti inatoka kwenye fremu, kama Kalex au Boscoscuro, shokabsoba, na mkono wa mtu. MotoGP ni cc 1000, pistoni nne, kilo 157 kwa uchache, petroli lita 22 Jumapili na lita 12 Jumamosi. Kuanzia 2027 zinashuka hadi cc 850 na lita 20.

Jambo ambalo watangazaji hulipita haraka: tangu 2024 Moto2 na Moto3 wanatumia tairi za Pirelli, MotoGP za Michelin. Moto2 wanapomaliza Jumapili, raba yao imebaki kwenye lami, na waendeshaji wengi wa MotoGP hulalamika kwamba mshiko si ule wa asubuhi. Mkiona mtu aliyekuwa mkali Jumamosi anateleza raundi za kwanza Jumapili, msikimbilie kusema ameogopa. Pirelli itavalisha MotoGP pia kuanzia 2027.

Mvua ikinyesha katikati, MotoGP wana pikipiki mbili kila mmoja. Bendera nyeupe ikitoka, wanaingia na kurukia ya pili yenye tairi za mvua. Moto2 na Moto3 wana moja tu, kwa hiyo bendera nyekundu, mbio zinasimama, tairi zinabadilishwa, wanaanza upya.

KonaYaMenengai, Nakuru

Angalizo la saa, msije mkakuta viti vitupu. Ulaya wanarudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba, sisi hatubadilishi. Valencia ikiwa Novemba, MotoGP ya saa nane kwao ni saa kumi jioni kwetu. Motegi, Japani, saa nane yao ni saa mbili asubuhi hapa Kenya, na Q2 yake inakuja alfajiri ya Jumamosi.