Naomba ushauri: moyo unakataa kwamba nina thamani mbele za Mungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nipo Bagamoyo, nanunua samaki mnadani pale ufukweni, nakaanga na kuuza.

Nimeokoka miaka sita sasa. Mwezi uliopita biashara iliyumba, nikashindwa kutoa ahadi yangu ya ujenzi. Kiongozi mmoja akasema mbele za watu kuwa Mungu hamtazami mtu mkono mtupu. Tangu siku hiyo nikipiga magoti naona kama nabisha hodi nyumba ya watu.

Maandiko nayajua. Mathayo anasema shomoro wawili kwa senti moja, Luka anasema watano kwa senti mbili. Yaani yule wa tano ni nyongeza tu (sisi wa mnadani tunaijua hiyo), na bado Mungu hamsahau! Nalia kila nikisoma hapo. Halafu asubuhi hofu inarudi palepale.

Juzi nilipita misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanzishwa 1868, mapadre wakawa wanawakomboa watumwa kwa fedha. Nikakumbuka Paulo kuwaambia Wakorintho kwamba walinunuliwa kwa thamani. Mtumwa aliyekombolewa hakuchangia hata pesa moja katika bei yake.

Sasa kichwa kimeelewa, moyo ndio mbishi. Waliowahi kupita hapa, mlifanyaje? Na yule kiongozi nimfuate tuzungumze, au ninyamaze? Mume wangu anasema tuhame kanisa, mimi sitaki.