Mchumba wangu ana ibada ya mwezi mpevu, naombeni ushauri

MwanaPangani: Wakuu, shikamooni na habari za jioni. Niko Somerset, Uingereza, mwaka wa nne. Mchumba wangu ni Mwingereza, dini yake Wicca. Kila mwezi ukipevuka yeye na wenzake hukutana bustanini usiku, husimama duara, huwasha mishumaa na kumwita mungu mke wa mwezi. Mara 12 kwa mwaka, mwaka mwingine 13. Kanialika. Kwenda kutazama tu kuna ubaya? Silali.

UstadhWaMtaa: Jibu lipo. Tumekatazwa kulisujudia jua na mwezi, tumsujudie aliyeviumba. Kwetu mwezi ni wa kuhesabia saumu na Hija, basi.

MamaKauthar: Mwanangu, mie niliolewa bara. Siku ya tatu ukweni nikapelekwa mbuyuni, pombe ikamiminwa chini, mizimu ikaambiwa jina langu. Nilitetemeka! Mwaka wa thelathini huu, mume ndiye huyu huyu, na mashambulizi ya wifi zangu yananitoa jasho kuliko ile mizimu.

NesiWaLeeds: Tusichanganye na uchawi wa nyumbani. Wicca aliitangaza Gerald Gardner miaka ya 1950, baada ya sheria ya uchawi ya 1735 kufutwa mwaka 1951. Hawarogi mtu. Ila mdogo wangu, mwaliko tu haumkoseshi mtu usingizi. Umebakiza nini?

MwanaPangani: Haya dada. Nimeshakwenda mara tatu. Na mwezi wa mavuno, ule mpevu wa karibu na siku ya Septemba ambayo usiku na mchana hulingana, tutafungwa mikono kwa utepe. Ndiyo harusi yao. Pete nimenunua, nyumbani hawajui.

Lakini sijasujudu. Kikombe cha pombe ya tufaha kikinifikia nakipitisha kwa jirani. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya Idd, nilikuwa mpweke mno. Wakaweka bakuli la maji kwenye nyasi, mwezi ukatulia ndani yake kama yai. Kila mtu alichovya kidole, akamtaja marehemu wake. Nilimtaja bibi. Tangu azikwe sijapata pa kumlilia. Mnaniambia niache hilo?

UstadhWaMtaa: Bibi anataka dua, si bakuli.

KomboWaWete: Subirini. Idd mwezi mwembamba kama ukucha, wiki hiyo hiyo umepevuka vipi? Sisi wavuvi tunalala na kuamka na mwezi. Hii chai.

DogoMbeya: Nilihisi! Bakuli, yai, bibi... chai ya tangawizi.

MamaKauthar: Na mie nimeshamwaga siri za ukweni kwangu!

MwanaPangani: Kaka Kombo, ni Idd ya kuchinja. Huandama tarehe ngapi ile?

KomboWaWete: Haiandami, huwa siku ya kumi tangu mwezi kuandama. Siku nne mbele ni kumi na nne, mpevu. Hesabu imekubali. Niwie radhi, ndugu yangu. Mtu hasingizii jina la bibi yake.

NesiWaLeeds: Turudi kwenye jambo lenyewe. Kwa sheria ya huku England, utepe peke yake haukufanyi mume wa mtu. Lazima mfunge ndoa ya kiserikali pia. Mkatoe taarifa ofisi ya usajili, nyote wawili, na msubiri siku 28 kamili, kwa wageni zinaweza kufika 70. Na mpigie mama yako kabla hujafungwa chochote.

MwanaPangani: Ofisini nitakwenda Jumatatu. Kwa mama nimeandika ujumbe mara mbili nikaufuta.

MamaKauthar: Usiandike. Piga, akusikie sauti. Anza na habari ya bibi.

MwanaPangani: Kesho, baada ya Alfajiri. Kwao kutakuwa kumeshakucha.