Mrejesho: kompyuta ya kuendeshea ETABS (programu ya kukokotoa miundo ya majengo)

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama milioni 2 zangu niziweke kwenye kadi kubwa ya michoro, maana modeli ya jengo la ghorofa 12 ilikuwa inakula karibu dakika 40 kumaliza hesabu.

Mlionikataza kununua kadi, asanteni sana. Nilichukua mashine ya mezani iliyotumika, Kariakoo, yenye prosesa ya kasi nzuri, nikapandisha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kutoka GB 8 hadi 32 na kuweka SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Modeli ileile sasa ni dakika 9. Kumbe kwenye mashine ya zamani RAM ilikuwa inajaa, programu inahamia kuandika kwenye diski, na diski yenyewe ilikuwa ile ya kuzunguka!

Yote hayakwenda sawa. Fundi alinipa vijiti vya RAM visivyolingana, mashine ikawa inajizima mpaka nilipovirudisha. Kuzungusha modeli ya 3D bado kunakwama kidogo, ila navumilia. Na yule aliyesisitiza UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nikampuuza: umeme ulikatika hesabu ikiwa katikati. Nimeshanunua, mkuu.