Kuandikia Steam Deck na kibodi, nani kajaribu?

mwana_wa_wete
Assalam alaykum. Mie niko Wete, nasomesha skuli. Laptopu yangu iliingia maji ya chumvi nkiwa safarini kwenda Unguja, fundi kaifungua kaniambia ushaoza ubao, basi. Na n'nalo daftari la marehemu babu, kurasa 60 na kitu, kaandika kwa mkono mambo ya bahari yote, pepo, bamvua na maji mafu, dema linavosukwa ufito kwa ufito, na wino ushaanza kufifia, nataka niyachape yote kabla ya Ramadhani. Kilobaki nyumbani ni Steam Deck, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, alonletea kaka kutoka Uingereza, ile ya mwanzo ya 2022. Wanasema ukiipa kibodi inakuwa kompyuta. Kweli mtu ataandika masaa matatu kwenye kioo cha inchi 7? Gemu sina haja nazo.

fundi_darajani
Waalaykum salaam sheikh. Ile ni kompyuta toka mwanzo, ndani mna Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivo Windows. Bonyeza kitufe cha STEAM, ingia Power, chagua Switch to Desktop. LibreOffice, programu ya kuandikia, ichukue kwenye Discover, duka la programu lilomo humo, usiweke programu kwa pacman, ile njia ya kuandika amri, maana apdeti ya mfumo ikija inavifuta, vya Discover na mafaili yako vinabaki.
Kibodi tafuta ya Bluetooth. Tundu la USB-C ni moja tu na liko juu, ukichomeka ya waya hutoweza kuchaji tena mpaka uwe na habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, inayopitisha chaji, na habu hiyo ilaze juu ya kitu, ikining'inia inalivuta tundu mpaka linalegea.

bi_mashamba
Mie nimemaliza ripoti yangu ya chuo kwa hiyo hiyo. Kaka, macho si tatizo, tatizo shingo. Ukiilaza mezani unainama kama unachambua mchele, nusu saa tu mgongo unauma. Nkamwambia seremala anichongee mbao mbili zipishane mfano wa marfaa, nkaiweka hapo, chini yake bati la biskuti ili kioo kije usawa wa macho, na kibodi nkaivuta karibu na tumbo. Hapo ndo nkaanza kuandika kweli.
Maandishi usiyakuze kwa Global Scale, ile seti ya kukuza kila kitu kwenye kioo, ya 150%, vitufe vya LibreOffice vinajaa kioo chote pahala pa kuandika pakabaki ufa. Weka 125%, kisha kuza karatasi yenyewe, zima na mistari ya vitufe juu. Na ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili bonyeza Shift+F7 iondoke, inachosha roho.

pwani_mchangani
Mie sikubaliani sana, kurasa 60 ni nyingi, laptopu kuukuu ya bei ndogo ingemfaa zaidi na wanafunzi wake wakaitumia baadae. Ila kama hana pesa sasa hivi aanze tu, wino haumngojei mtu. Nakuomba kitu kimoja, kila siku weka nakala kwenye flashi. Kadi ya memori ulioiformati ndani ya kile kidude inakuwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, ukiipeleka steshenari kupiga chapa kompyuta ya Windows haitoisoma, kwa hivo tumia flashi ya kawaida ya exFAT, mpangilio unaosomeka kote kuwili.

fundi_darajani
Kweli hilo la kadi. Na powabenki mwana_wa_wete hakikisha ina PD, ile chaji ya nguvu ya USB-C, chaja ya Deck ni wati 45, hizi ndogo za simu zinaichaji kwa kusuasua.

mwana_wa_wete
Nashkuru sana, Mungu awalipe. Seremala wa jirani kanichongea mbao kwa kipande cha mfenesi, bi_mashamba, na bati n'nalo. Kibodi nimeazima skuli. Siku nne nimechapa kurasa 17. Jana usiku umeme ulikatika mtaa mzima kiza, mie nkapunguza mwanga wa kioo nkaendelea, daftari nalimulika kwa tochi ya simu, mpaka nkafika ukurasa wa dema. Neno la ule mlango wake samaki anapoingilia babu kaliandika mara mbili na mara zote mbili limefutika nusu, nasoma herufi tatu tu. Nimeliachia nafasi kwenye faili. Jumamosi nakwenda Tumbe nkawaulize wazee wanaosuka.