Ushauri: nataka kufunga AC kwenye Hilux ya 1994 kwa spea za mtumba

Pikapu ya Chalinze: Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, haijawahi kuwa na AC. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Muhimbili, na safari iliyopita foleni ya Kimara ilitukamata saa saba mchana. Vioo chini, upepo hakuna, mama analowa jasho na presha anayo. Niliumia sana. Sasa Ilala nimeonyeshwa kompresa (pampu ya gesi ya AC) kwa laki mbili na nusu. Nichukue, vingine nitafute polepole?

Fundi Baridi: Pole kwa mama, mkuu. Usinunue kompresa peke yake. Tafuta Hilux iliyochinjwa (inayouzwa vipande kama spea) yenye injini kama yako, usukani kulia, utoe seti nzima: kompresa na braketi yake, puli ya krenki (gurudumu la injini linalozungusha mikanda), kondensa (inapoza gesi kule mbele ya gari), mabomba, boksi la evaporeta (linalopoza hewa ya ndani), waya na swichi. Braketi ndiyo inayowaliza watu. Ukichomelea ya kubuni, mkanda haukai mstari mmoja, na mtetemo wa dizeli unalegeza bolti kila siku.

Boksi la evaporeta lisikutishe. Toa droo ya dashibodi. Kati ya feni ya ndani na boksi la hita kuna kipande cha plastiki kitupu. Kinatoka hicho, boksi linaingia palepale.

Kabla hujalipa, ingiza kitambaa cheupe kwenye mdomo wa kompresa. Mafuta yakitoka na chembe zinazong'aa, achana na seti yote, maana vyuma vimeshafika kwenye kondensa. Mabomba yaliyokaa wazi bila vizibo nayo yameshaingia unyevu.

Dada wa Spea: Mimi nauza hivi vitu, kaka. Draya (chujio linalonyonya unyevu) na oringi (vipete vya mpira vya kuziba maungio) nunua mpya, hapo usibane pesa. Na kama seti ilikuwa ya gesi ya zamani R12, mafuta yake hayaelewani na R134a iliyochukua nafasi yake. Yamwagwe, mfumo usafishwe kwanza.

Fundi Baridi: Dada kasema kweli. Kisha fundi avute vakyumu (anyonye hewa na unyevu wote kwenye mfumo) nusu saa au zaidi, afunge, atazame kama geji inarudi, maana ikirudi kuna mahali panavuja. Akiruka hatua hiyo, usimpe gari. Na kujaziwa gesi ya kupikia badala ya gesi ya AC usikubali kabisa: ikivuja ndani ya kabini, cheche moja inatosha kuwaunguza.

Dereva Masafa: Rejeta vipi? Kondensa inakaa mbele yake na kuipelekea joto. Kama injini inachemka sasa, tibu hilo kwanza.

Pikapu ya Chalinze: Rejeta nilizibua mwezi wa tatu, haichemki. Kompresa ya Ilala nimeiacha. Morogoro kuna Hilux 3L iliyogongwa nyuma, mbele nzima kabisa. Jumamosi naenda na kitambaa. Nikikuta braketi ina ufa?

Fundi Baridi: Chukua seti, braketi muachie, akupunguzie bei. Nyingine tutaitafuta. Ila hakikisha puli ya krenki ina mfereji wa mkanda wa AC. Nitumie picha kabla hujalipa.