Ushauri: Nimjibuje mwanafunzi, mawe ya asteroidi ya kazi gani wakati kimondo tunacho Mbozi?

MwalimuSongwe: Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari. Tuliwapeleka watoto kukiona Kimondo cha Mbozi, nikawasimulia jinsi chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kilivyoondoka 2016 kikaleta gramu 121.6 za kokoto na vumbi kutoka Bennu, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, mwaka 2023. Binti mmoja akanibana: "Mwalimu, hapa kuna tani 16 za bure. Wao miaka saba wanafuata kiganja cha vumbi?" Darasa zima likacheka. Jumatatu wanataka jibu. Naomba hoja, siyo "sayansi ni muhimu".

Kokoto Nyeusi: Huyo binti mpe zawadi. Kimondo cha Mbozi ni chuma chenye nikeli, ndiyo maana kilifika. Mawe mepesi yenye kaboni kama ya Bennu mengi husagika na kuungua angani. Machache yanayotua yanakutana na mvua, bakteria na vidole vya watu. Ukikuta asidi amino ndani yake, utaapa vipi kwamba hazikutoka kwa aliyeliokota?

Mama Kemia: Naongezea, na hapa ndipo utawapata. Januari 2025 watafiti walitangaza kwamba sampuli za Bennu zina asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hai hutumia kujenga protini, na besi zote tano, yaani "herufi" zinazobeba taarifa za urithi kwenye DNA na RNA. Lakini mimi kilichonishika ni chumvi zake. Mojawapo ni magadi, mwalimu! Magadi haya haya ya Ziwa Natron na ya kule Magadi Kenya, tunayotia kwenye maharage. Hutokea maji ya chumvi yakikauka polepole, maana yake jiwe mama lililozaa Bennu liliwahi kuwa na maji. Kimondo kikinyeshewa, chumvi za namna hiyo zinayeyuka na ushahidi unapotea. Sampuli za Bennu zilifungwa hukohuko angani, na hapa Duniani zinahifadhiwa ndani ya gesi ya naitrojeni, zisiguswe na hewa wala unyevu. Ila usiwaambie uhai umepatikana. Ni malighafi tu.

Mzee wa Hoja: Bado niko na binti. Hela zote hizo kwa ajili ya magadi?

Kokoto Nyeusi: Mzee wangu, Bennu ina upana wa karibu nusu kilomita, na kuna uwezekano mdogo, kama 1 kati ya 2,700, wa kuigonga Dunia Septemba 2182. Mkono wa chombo ulipoigusa 2020 ulizama karibu nusu mita, kumbe uso wake ni kokoto zisizoshikana. Anayetaka kulisukuma jiwe la hivyo lisitugonge lazima ajue hilo kwanza.

Mzee wa Hoja: 2182 sitakuwepo. Endeleeni.

MwalimuSongwe: Mama Kemia, asante sana. Jumatatu naingia na kipande cha magadi, nakitia kwenye glasi ya maji mbele yao kabla sijasema neno. Mwenye picha nzuri za sampuli zenyewe anitumie, projekta ya shule siku hizi inafanya kazi.